Re: Kisima cha sadaka kwa marehemu wazazi, tuanzie wapi?

Waalaikum salaam ndugu. Mmechanga fedha za kisima kwa ajili ya marehemu wazazi wenu, mmekwama kati ya kusajili NGO na kuweka wakfu, yaani mali iliyotolewa sadaka ya kudumu. Kwanza angalieni hati ya kiwanja ina jina la nani. Sisi tulichimba kwenye kiwanja cha baba kabla mirathi haijafungwa. Baba mdogo akaja akidai nusu ni ya babu, pampu ikalala stoo miezi saba, kwenye nailoni yake. Kwa kisima kimoja NGO naiona mzigo, ripoti kila mwaka. Andikeni wakfu mbele ya mashahidi, wadhamini mkawasajili RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mimi nimepitia Tanzania bara; Zanzibar nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na michango isipite kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe kaka mkubwa.