Maswali Yenu: Barua za Elizabeth Barrett na Sikio la Mnasihi

Nasomea unasihi mwaka wa kwanza. Mwalimu ametupa barua za mshairi Elizabeth Barrett wa Uingereza tufanyie mazoezi ya kusikiliza. Ni nyingi mno. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Nyingi kweli: ziko 573, alizoandikiana na mshairi mwenzake Robert Browning tangu Januari 1845 hadi Septemba 1846, walipooana kwa siri na kukimbilia Italia. Usizisome zote. Anza na ile ya tarehe 20 Machi 1845. Elizabeth ana miaka 39, mgonjwa, maisha yake yote yamo ndani ya nyumba namba 50 Wimpole Street, London, na Robert hajamtia machoni hata siku moja. Elizabeth anamweleza kwamba binadamu wenzake ni majina tu kwake, mlima mkubwa hajauona wala mto, na kwa hiyo yeye ni kama mshairi kipofu.

Soma aya hiyo kwa sauti mara moja, funika karatasi, kaa kimya sekunde kumi. Kisha andika jibu lisilozidi sentensi mbili, lisilo na ushauri, swali wala neno "mimi".

Wengi huandika: "Usijali, mashairi yako yanapendwa kote." Yalipendwa kweli; kitabu chake cha 1844 kilimpa jina kubwa. Ila sifa hiyo inamziba mdomo. Yeye analia kwamba vitabu vimekaa mahali pa maisha, nawe unamsifia vitabu! Jibu linalokaa ni kama hili: "Miaka imepita ukiwa ndani na vitabu, na sasa unaona kuna dunia nzima hujaionja." Ukimaliza, funua karatasi. Kila neno la hisia ulilotia, lionyeshe lilikotoka kwenye barua. Likikosa chanzo, hisia hiyo ni yako wewe, lifute.

Nikirudisha maneno ya mwenzangu kwenye mazoezi, ananiambia naongea kama kasuku. Nakosea wapi? (Msomaji, Thika)

Unarudisha yote. Chukua lile lililobeba mzigo tu. Mtu akisema, "Nimechoka na nyumba hii, kila kitu mimi," uzito hauko kwenye nyumba. Sema: "Kila kitu kinakuangukia wewe," halafu nyamaza. Sauti ishuke mwishoni; ikipanda inakuwa swali, naye atajibu "ndiyo" na mazungumzo yamekufa.

Angalia na "pole". Adabu yetu inaidai, na moja mwanzoni haina ubaya. Ya pili na ya tatu humfanya mtu ajibu "asante, nimeshapoa", na akishasema amepoa hawezi tena kuendelea kulia. "Jikaze" usiitumie kabisa. "Kwa nini" husikika kama mashtaka. "Ilikuwaje" hufungua zaidi.

Fanyeni watatu watatu: mzungumzaji, msikilizaji, mtazamaji. Dakika 10 za mazungumzo, 5 za mrejesho, mnabadilishana. Dakika 45 kila mmoja ameshika nafasi zote. Mtazamaji apige vijiti kwenye safu nne: maswali ya wazi, maswali ya ndiyo au hapana, marudisho, ushauri. Safu ya ushauri ikiwa ndefu, hakuna haja ya hotuba, mwonyeshe karatasi. Mzungumzaji alete jambo dogo la kweli, kama ugomvi wa zamu ya kufua. Msiba hapana: mtaufungua, na dakika kumi hazitoshi kuufunga.

Robert alimsikiliza Elizabeth vizuri sana. Tumchukue kuwa kielelezo cha mnasihi? (Msomaji, Tanga)

Kwa jambo moja tu, nalo alijifunza kwa kuumia. Walikutana mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1845. Siku chache baadaye akamwandikia barua ya kujimwaga moyo mzima. Elizabeth akashtuka, akamwonya asirudie maneno yale kama anataka waendelee kuonana. Robert akaomba barua irudishwe, akaichoma. Ndiyo maana haimo kwenye mkusanyiko. Alikuwa amemtangulia mwenzake. Mnasihi hufanya kosa hilohilo bila mapenzi yoyote: kikao cha kwanza, mteja anataja baba mkali kwa kupita, naye anarukia, "Tuzungumze kuhusu baba yako."

Baada ya hapo Robert alipunguza mwendo, na Agosti mwaka huohuo Elizabeth akamsimulia mwenyewe, bila kuulizwa, habari za kaka yake Edward aliyezama baharini Torquay mwaka 1840, kifo alichojilaumu nacho kwa sababu kaka huyo alikuwa amebaki kule kwa ajili yake.

Zaidi ya hapo usimwige. Alikuwa mchumba, ana lake analotaka. Na usimpime Elizabeth ugonjwa kwa kusoma barua: huna sauti yake, huna kimya chake, una wino tu.

Naweza kutumia barua ya mteja wangu kufundishia wenzangu, nikibadili jina? (Mnasihi, Mwanza)

Bila idhini yake ya maandishi, hapana. Barua za akina Browning zilichapishwa na mtoto wao mwaka 1899, wazazi wote wawili wakiwa wameshafariki. Wako yupo hai. Na jina ni kitu kidogo: mtaani mtu hutambulika kwa idadi ya watoto, kazi ya mumewe na mwaka aliohamia.