Simulia kwanza kwa Kiswahili, kisha fungua daftari la Kiingereza

Nilipoanza shule ya sekondari Syracuse, jimbo la New York, kazi yangu ya kwanza katika somo la Kiingereza ilikuwa kueleza hekaya ya Wairoquois, wenyeji wa asili wa huko, kuhusu chanzo cha dunia. Karatasi ilirudi nyekundu. Mwanamke wa Mbinguni, ambaye ndiye kiini cha hekaya yote, nilikuwa nimemwita "he" kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Wadogo zangu mnaoingia darasa hilo mwaka huu, kosa hilo mtalifanya, maana "yeye" wetu hatofautishi mwanamume na mwanamke. Msilionee aibu. Lililonichelewesha mimi ni jingine: nilikuwa nikisoma huku nimeshika kamusi, neno kwa neno, hadi hekaya ikanifia mkononi.

Fanyeni hivi. Soma mara moja bila kamusi, funga kitabu, kisha msimulie mtu wa nyumbani kwa Kiswahili. Mimi nilimsimulia mama akichambua maharage. Hapo kale chini kulikuwa maji matupu. Huko juu mti ukang'oka, mwanamke akaanguka kupitia tundu lake, ndege wa majini wakamdaka kwa mbawa zao, wakamtua mgongoni mwa kobe. Wanyama wakapiga mbizi mmoja mmoja kutafuta udongo, wakashindwa, mpaka panya wa majini akaibuka na tope kidogo mkononi. Tope likatandazwa juu ya gamba, likakua, likawa nchi.

Hesabu hizo "ka" zilivyo nyingi! Ndizo zinazousukuma usimulizi wetu mbele. Kiingereza hakina kiambishi hicho, ndiyo maana tunapoandika tunajaza "and then" kila mahali. Yafute yote. Acha vitenzi vya wakati uliopita vifuatane vyenyewe, na msomaji atajua kipi kilitangulia.

Kuhusu "a" na "the", hekaya ni mwalimu bora kuliko zoezi lolote la kujaza mapengo. Kobe anapotokea mara ya kwanza ni "a turtle", kwa kuwa msikilizaji hamjui bado. Akishajulikana ni "the turtle", karibu na tunavyosema "yule kobe". Pitia ukurasa mmoja, uzungushie duara kila mhusika pale anapoingia. Nilifanya hivyo kwa wiki mbili, na makosa yakapungua.

Kuna kosa moja la nyakati ambalo mwalimu hakuliwekea alama, nami ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliandika kwamba Wairoquois "waliishi" New York na "waliamini" haya. Kumbe nchi ya taifa la Onondaga iko kusini tu mwa mji tuliokuwa tukiishi! Wenyewe hujiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. Wana mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Ukoo wao hufuata upande wa mama, na mama wa ukoo ndiye anayemchagua chifu. Basi matukio ya hekaya yaandike kwa wakati uliopita, lakini wenye hekaya waandike kwa wakati uliopo. Sisi tuliokimbia makwetu tunajua inavyochoma mtu akikuzungumzia kana kwamba umekwisha.

Na lugha zao zitakushangaza. Kwa Kimohawk "nakupenda" ni neno moja, konnorónhkwa, na mwanzo wake, kon-, umebeba mpendaji na mpendwa pamoja, kama sisi tunavyobebesha kitenzi kimoja "ni" na "ku". Kiingereza kinahitaji maneno matatu. Siku nilipoliona hilo niliacha kudhani kwamba sarufi ya Kiswahili ni mzigo wa kuacha mlangoni mwa darasa.

Somo la "had", neno la Kiingereza la tendo lililotangulia jingine, nalo lilinikataa muda mrefu. Lilikuja kuniingia kwa swali la mama. Katika simulizi tuliyopewa, panya wa majini anakufa kwa ajili ya lile tope. Mama aliacha kuchambua, akaniuliza, "Huyu mnyama, alikufa kabla hajafika juu, au alifika ndipo akafa?" Sikujua. Nikarudi kitabuni, nikasoma sentensi ile kwa makini kwa mara ya kwanza, na "had" ilikuwa pale mbele ya kitenzi: alipoibuka, alikuwa amekwisha kufa, na kiganja bado kimefumbwa.

"Basi nchi yote hii ni yake," mama akasema, akaendelea na maharage yake.