Maswali ya Wasomaji: DNA Moja, Majibu Sita

SWALI: Mhariri, nasoma biolojia chuoni. Nilipoingiza kipande cha DNA katika programu ya kompyuta ili kupata protini yake, nilipewa majibu sita yasiyofanana. Nitajuaje lililo sahihi?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Programu yako haikukosea. Seli husoma herufi za kinasaba tatu tatu, bila kuruka herufi yoyote, kwa hiyo kila kitu hutegemea mahali pa kuanzia. Chukua kipande hiki kifupi: ATGGCATTGTAA. Ukianzia herufi ya kwanza utapata asidi amino (viungo vinavyounda protini) tatu: methionini, alanini na lusini, kisha TAA, ambayo ni amri ya kukomesha. Ukianzia ya pili utapata triptofani, histidini na sisteini. Ukianzia ya tatu, glisini, isolusini na valini. Ukianzia ya nne umerudi katika fremu ya kwanza, yaani mgawanyo uleule wa herufi tatu tatu. Fremu tatu zilizobaki ni za uzi wa pili wa DNA, ambao husomwa kwa kuelekea upande wa pili, na kwa kipande chetu huandikwa TTACAATGCCAT. Hapa uwe mwangalifu sana, kwa sababu haitoshi kugeuza mpangilio wa herufi: ni lazima pia kila A iwe T, kila G iwe C, na kinyume chake.

Kigezo cha kwanza cha kuchagua ni urefu. Kati ya kodoni (vikundi vya herufi tatu) 64, tatu tu, yaani TAA, TAG na TGA, ndizo zinazokomesha usomaji. Herufi zikijipanga kiholela, mojawapo ya hizo hutokea kwa wastani mara moja katika kila kodoni 21 hivi, na uwezekano wa kupita kodoni 100 bila kukutana nayo haufiki asilimia moja. Fremu inayoanza na ATG na kuendelea mbali bila kukatizwa ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Hata hivyo, usiharakishe kuzitupa zile nyingine. Katika kirusi cha bakteria kiitwacho phiX174, ambacho mfuatano wake ulichapishwa mwaka 1977 na Frederick Sanger na wenzake huko Cambridge, jeni E imo nzima ndani ya jeni D, ila husomwa katika fremu tofauti. Herufi zilezile hutoa protini ya kusaidia kuunda ganda la kirusi, na nyingine kabisa ya kupasua bakteria ili virusi vipya vitoke! Nakiri kwamba hakuna mfano wa somo hili ninaoupenda kuliko huo.

Mwisho, angalia kipande chako kimetoka wapi. Kama ni cha mitokondria (sehemu ya seli inayozalisha nishati) ya mnyama, chagua katika programu jedwali la kutafsiri kodoni za mitokondria, kwa kuwa humo TGA haikomeshi bali huleta triptofani, na jedwali la kawaida litaikata protini yako katikati. Kisha linganisha protini uliyoipata na zile zilizokwisha kuhifadhiwa katika hazina za data.