Viwanja vinapimwa juu ya kijito chetu cha maji ya kunywa, tuanzie wapi?

Pole dada. Kama viwanja viko pembeni ya jiji la Mbeya na kijito ndicho mnachochota, usianzie kugombana na mnunuzi wa kiwanja. Huyo naye kauziwa tu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji. Chukueni futi kamba, pimeni kutoka ukingoni hadi kwenye bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja), pigeni picha. Kisha andikeni barua, si maneno ya mdomo, kupitia ofisi ya mtaa, nakala kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa (ofisi yake iko hapo hapo Mbeya), NEMC (baraza la taifa la mazingira) na idara ya ardhi ya halmashauri. Ombeni bodi ije iweke alama za mipaka ya chanzo. Barua ikipokelewa, nakala yenu igongwe muhuri. Bila muhuri mtaambiwa haikufika.

Ila mita 60 hazimalizi kazi. Nyumba zikiwa mlimani, vyoo vya shimo vinavuja chini kwa chini, na masika udongo wa misingi unashuka wote kijitoni. Kwa hiyo daini kwenye masharti ya ujenzi maji taka yaende wapi. Hapo ndipo wengi husahau. Na milingoti (mikaratusi) iliyo kando ya maji, kwa kuwa inanyonya maji mengi, anzeni kuipunguza nyinyi wenyewe, mpande mikuyu.

Kwa sasa chemsheni maji.