Mlango wa Chuma Ulipata Ukurasa Mzima

*Jambo shangazi. Nina miaka 28, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Nina lisansi, yaani digrii, ya Uhusiano wa Kimataifa: graduat, hatua ya kwanza, miaka mitatu, lisansi miwili. Tangu nilipotetea memuari, tasnifu yangu, imepita miaka mitatu, nimepeleka dosye za kuomba kazi kila mahali, sijapata hata staji ya kulipwa. Tangu mwezi wa nne namsaidia jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, ana atelie kule Kenya, ile komini ya hapa mjini. Siku kazi ikiwepo ananipa dola tano. Baba hajui. Natoka nyumbani na shati jeupe na dosye mkononi, nabadilisha nguo huko. Baba mwenyewe alikuwa ajista, fundi wa kunyoosha na kulinganisha vyuma, na aliuza paseli, kiwanja chake cha Ruashi, kulipa minervali, karo yangu. Mchumba wangu anasema wajomba zake hawatampokea mwanaume mwenye masizi. Shangazi, najuta kusoma. Niiache diploma kwenye bahasha nishike chuma, au nivumilie? Msomi wa Katuba.*

Mwanangu,

Barua yako nimeipunguza, maana ilikuwa ya kurasa mbili na nusu. Nilichokata zaidi ni habari za ule mlango wa paseli mliouunda mwezi wa sita. Umenieleza jinsi mlivyopima nguzo mara tatu kwa sababu ukuta wa mwenye nyumba ulikuwa umeinama, jinsi fundi alivyokuachia bawaba ya chini uichomelee peke yako, na jinsi ulivyorudi jioni ile kuufungua na kuufunga bila sababu yoyote. Nikahesabu. Miaka mitano ya chuo kikuu imepata mistari sita. Mlango umepata ukurasa mzima. Mimi si mpiga ramli, lakini kusoma najua.

Sasa hilo neno lako, kujuta. Umesema uliandikishwa Uhusiano wa Kimataifa kwa sababu nafasi za udaktari ziliisha na baba mdogo wako akasema "angalau atakuwa balozi". Kumbe hukuchagua, ulichaguliwa. Hapo ndipo panapokuuma, ila umepaita "kusoma". Ungekuwa umesoma kitu ulichokipenda na kazi ikakosekana, ungeniandikia kwa hasira juu ya nchi. Wewe umeniandikia kwa hasira juu ya nafsi yako.

Na baba mdogo usimlaumu sana. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière, kampuni ya migodi, ilikuwa imeundwa miaka minne kabla. Watu waliletwa hapa kwa ajili ya mikono yao. Lakini nani aliyeheshimiwa? Karani. Wenye sepeto walikuwa maelfu na wenye kalamu wachache, basi kalamu ikawa cheo. Baba yangu mimi alisukuma toroli maisha yake yote, na kila Jumapili aliweka kalamu kwenye mfuko wa shati kwenda misani. Hakujua kuandika. Ukimwomba hiyo kalamu, anasema wino umekauka.

Chuo kikuu kilipofunguliwa hapa miaka ya 1950, mhitimu mweusi alikuwa mtu wa kuja kutazamwa. Leo siku ya kolasio, sherehe ya kutoa diploma, barabara inazibwa na maua, magari na ndugu waliovaa kitambaa kimoja, na kesho yake wahitimu wote wanapanga foleni mbele ya milango ileile minne. Sisi wazazi bado tunahesabu kwa hesabu ya zamani, ya wakati kalamu zilikuwa chache. Nyinyi ndio mnaolipa tofauti.

Lakini usidhani nakusukuma kwenye chuma. Nimeona vijana wengi wakikimbilia kazi ya mikono kama mtu anayekimbilia kwa bibi baada ya kugombana na mama yake. Bibi naye ana fimbo.

Fimbo ya kwanza ni mwili. Katika barua yote hukutaja hata mara moja kinga ya macho, na hilo lilinishtua kuliko habari za mchumba. Mafundi wengi wa mitaani wanachomelea na miwani ya jua. Mwanga ule unachoma jicho bila kulionya: mchana huhisi kitu, usiku unaamka kama mtu amekumwagia mchanga machoni. Halafu yale mabomba yenye zinki: moshi wake unaleta homa na kutetemeka jioni, kesho yake unapona, unafikiri ilikuwa malaria. Fundi wako atakuambia unywe maziwa. Maziwa ni mazuri, lakini yanashuka tumboni, na moshi uko mapafuni. Kwanza saga hiyo zinki itoke mahali pa mshono, fanyia kazi nje penye upepo, vaa kinga. Dola zako za kwanza zinunue barakoa yenye kioo cheusi kabla hujanunua kitu kingine chochote, hata zawadi ya mchumba.

Fimbo ya pili ni umeme. Unajua mwenyewe jinsi tunavyoishi na delestaje, kukatiwa umeme kwa zamu. Mchomeleaji wa mji huu anafanya kazi saa ambayo umeme unataka, si saa anayotaka yeye. Wiki moja unakesha, wiki nyingine unakaa kwenye benchi unachezea simu, na mwenye mlango anapiga kelele kwamba harusi ni Jumamosi. Hizo dola tano zako umeniandikia za "siku kazi ikiwepo". Je, kwa mwezi siku hizo ni ngapi? Umehesabu? Hesabu miezi mitatu, uandike kwenye daftari, ndipo tuzungumze habari ya kuoa.

Ya tatu ndiyo inayoua mafundi wetu kweli, nayo ni avansi. Mteja anatoa nusu ya pesa. Fundi ananunua unga, analipa kodi ya nyumba, kisha mteja wa pili anatoa avansi, ndiyo inayonunua chuma cha mteja wa kwanza. Wa tatu ananunua cha wa pili. Siku mteja wa nne asipokuja, fundi anazima simu. Hakuna nyumba Lubumbashi isiyo na hadithi ya fundi aliyezima simu. Mimi nina dirisha lililokaa miezi minane bila nondo, na huyo fundi tulikuwa tunasali naye.

Hapo ndipo naona miaka yako mitano inaweza kufaa kitu. Sitakudanganya kwamba Uhusiano wa Kimataifa ulikufundisha kuandika makadirio ya bei za mlango. Lakini mtu aliyeandika memuari ya kurasa themanini anaweza kuandika karatasi moja: chuma kiasi hiki, bageti za kuchomelea kiasi hiki, disiki, rangi, kazi, tarehe ya kumaliza, sahihi mbili. Anaweza kutenga avansi ya kila mteja mbali. Umeniambia fundi wako anajua chuma kama anavyojua jina la mama yake, na kwamba hesabu zake anaziandika ukutani kwa chaki. Basi mna cha kupeana. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, kazi za sous-traitance nchini, zile ambazo kampuni kubwa huzigawia kampuni nyingine, zimetengewa kampuni ambazo mtaji wake ulio mwingi ni wa Wakongomani. Atelie yenu ya chaki ukutani haiwezi hata kugonga mlango huo. Atelie yenye RCCM, yaani usajili wa biashara, namba ya kodi na faktura zilizopangwa inaweza angalau kugonga. Kufunguliwa ni habari nyingine, nisikupe ndoto ya pili baada ya ile ya ubalozi.

Na usibaki fundi wa kuangalizia. Milango kila mtu anachomelea. Migodini, kuanzia hapa hadi Likasi na Kolwezi, wanakupa kipande cha bomba na kukuambia kichomelee mbele yetu, kisha wanakikata kutazama ndani ya mshono. Huko jirani yako hatakufikisha, na naamini analijua hilo. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ipo tangu 1964 kwa kazi hiyo hiyo, na hapa mjini ipo. Nenda ukaulize wana mafunzo gani ya kuchomelea, yanachukua miezi mingapi, bei gani. Utakaa darasani na vijana wa miaka kumi na minane wasiojua wewe ni "lisansie". Usiwaambie.

Miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara ulikuwa ukija umekwisha thamani, kama ulikuja. Nikaanza kukaanga mikate saa kumi usiku na kuiuza kando ya barabara kabla ya kengele. Unajua nilikaa wapi? Mtaa wa mbali, nikajifunga kitambaa hadi machoni, ili wanafunzi wangu wasinione. Mwezi wa tatu, mtoto mmoja wa darasa langu alikuja akasimama mbele ya beseni, akaninyooshea noti yake, akasema: "Mwalimu, mama anasema yako ndiyo haina mafuta mengi." Kumbe walikuwa wanajua tangu wiki ya kwanza. Miezi mitatu nilitembea mguu saa nzima gizani kujificha na watu ambao walikuwa wananunua mikate yangu.

Sasa tuje kwa baba yako. Mwanangu, mtu aliyekuwa ajista miaka ishirini na sita unafikiri hajui harufu ya chuma kilichokatwa kwa disiki? Inakaa kwenye nywele. Shati ni jeupe, sawa, na kucha je? Na hayo matundu madogo ya cheche kwenye soksi, ambazo bila shaka hubadilishi? Mimi nasema anajua. Anakuacha ubebe hiyo dosye kila asubuhi kwa sababu naye hajui aanzie wapi.

Umesema alitoka kazini mwaka 2003, pamoja na ile maelfu ya watu walioondoka kwa kile kilichoitwa "kuondoka kwa hiari". Ni Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ingawa hakuna mtu wa mji huu anayehitaji kuambiwa. Huyo si mtu anayedharau kazi ya mikono. Ni mtu aliyeipa mikono yake yote miwili, kisha akarudishwa nyumbani na bahasha. Alipouza paseli ya Ruashi alikuwa anakununulia kazi ambayo hakuna atakayeamka asubuhi moja na kukunyang'anya. Ukimwambia "baba, naacha diploma, nakwenda kwenye chuma", yeye atasikia kwamba unarudi palepale walipomvunjia. Kwa hiyo usianze na diploma. Na usimwombe ruhusa, una miaka 28. Mwombe akufundishe. Kupima, kunyoosha, kujua chuma kilichopinda kwa jicho kabla ya rula: hayo anayo yeye na wewe huna, na fundi wako wa Kenya huenda pia hana.

Habari ya paseli, hiyo ni deni kweli. Ukianza kupata kitu, kila mwezi mpe kiasi, hata kidogo, mkononi, bila hotuba.

Mchumba? Amesema wajomba *zake* hawatakubali. Muulize yeye anasemaje. Akijibu kwa midomo ya wajomba mara ya pili, umeshajibiwa.

Diploma yako itoe kwenye bahasha, uiweke kwenye plastiki, juu ya kabati, mbali na mvua. Dosye zile mbili unazongojea majibu, endelea kuzingojea, hazikuzuii kushika bageti. Jipe hadi mwaka kesho mwezi wa sita, na lile daftari la hesabu lenye ukweli ndani. Ukiona pesa haikui na mgongo unalalamika, utajua umejaribu, na hakuna aliyekufa.

Jumapili hii, baada ya misa, mwambie baba yako mtembee kidogo hadi Kenya. Mpitishe mtaa wa ule mlango. Usiseme umeuunda wewe. Mwache asimame, maana atasimama. Hakuna ajista anayepita kwenye mlango mpya bila kusimama. Ataufungua na kuufunga. Halafu atainama apitishe kidole kwenye bawaba ya chini.

Niandikie alichosema.

Shangazi