Trauti wa Machi, kropi wa Aprili: uvuvi wa mshipi kwa mtu aliyezoea Ziwa Victoria

Mtu aliyekulia Mwanza akikwambia anajua kuvua, mwamini. Ila usimfuate ziwani Missouri, Marekani, mwezi Machi. Mwaka wangu wa kwanza huku nilishuka na mshipi wa kuvutia sangara, ndoana nene kama kidole cha mtoto, chubwi la kuzamisha mtumbwi, na kiburi cha mtu aliyezaliwa jirani na mwalo. Jumamosi tatu mfululizo nikarudi nyumbani St. Louis na chambo changu chote. Jumamosi ya nne mke wangu akanunua kuku kabla sijarudi. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kama chumvi imekolea.

Kurusha mshipi nilikuwa najua. Nisichojua ni kwamba huku maji yana majira. Ziwa Victoria linacheza kwenye nyuzi 24, 25, 26 za Selsiasi mwaka mzima, na sato wa Januari ana njaa ileile ya sato wa Julai. Ziwa la hapa mwezi Machi laweza kuwa nyuzi 7, na wiki chache nyuma kingo zake zilikuwa na ganda la barafu. Mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo. Akipoa, tumbo linasaga kwa uvivu, mbio hana, na kitu kikubwa kikipita kasi mbele yake anakitazama tu. Mimi nilikuwa nampelekea pilau ya harusi mgonjwa aliyelazwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua fimbo ya pili, nunua kipimajoto. Changu ni cha jikoni, nimekifunga kamba ya mita tatu pamoja na nati ya chuma ili kizame. Nakiacha dakika mbili, nakivuta, nasoma haraka kabla upepo haujakidanganya, kisha naandika kwenye daftari: tarehe, mahali, joto, nilichopata. Daftari hilo la miaka sita limenifundisha kuliko video zote nilizotazama usiku. Wenyeji wanatumia Farenhaiti, na bora uzizoee, maana kila mtu kwenye gati atakutajia hizo.

Machi ni mwezi wa trauti. Samaki huyu ni wa maji baridi, na bahati nzuri Missouri kuna maji yasiyojali kama nje kuna theluji au jua kali. Vilima vya Ozark ni miamba ya chokaa na jamaa zake, imejaa mapango na nyufa. Mvua inazama, inatembea chini kwa chini, inakuja kububujika kwenye chemchemi ikiwa na nyuzi 56 hadi 58 za Farenhaiti, yaani 13 au 14 zetu, kiangazi na kipupwe. Chemchemi ya Bennett, karibu na mji wa Lebanon, hutoa zaidi ya galoni milioni 100 kwa siku. Wakati ziwa bado limelala, kijito kinachotoka hapo kina samaki wanaokula.

Zipo hifadhi nne za namna hiyo: Bennett Spring, Montauk ambako ndiko chanzo cha Mto Current, Roaring River kusini karibu na Cassville, na Maramec Spring ambayo kwa sisi wa St. Louis ndiyo ya karibu. Msimu wa kuvua na kuondoka na kitoweo unafunguliwa 1 Machi, saa 12 na nusu asubuhi kwa saa zetu. Nenda angalau mara moja ukaone. Watu wamesimama bega kwa bega ukingoni gizani, pumzi zinatoka kama moshi wa mkaa, fimbo zimeinuliwa na hakuna anayegusa maji. King'ora kinalia. Kwa pamoja mishipi mamia inaruka, na ndani ya dakika moja robo yake imeshasukana. Mwaka ule mzee mmoja upande wa pili wa kijito alimnasa trauti wangu, mimi nikamnasa wake, tukawa tunavutana huku tunacheka kama watu wanaogombea kanga. Ni sherehe, si uvuvi. Ukitaka samaki kwa utulivu, nenda Jumanne ya wiki inayofuata.

Trauti hawa si wenyeji wa Missouri. Yule mwenye mkanda wa waridi ubavuni asili yake ni mito ya upande wa Pasifiki, na hapa hukuzwa kwenye mabwawa kando ya chemchemi kisha hutiwa kijitoni msimu wote. (Wakenya wa Nyeri najua mnatabasamu. Mto Gura mlitiliwa trauti tangu 1905, hamuna mnachofunzwa na Msukuma.) Kujua alivyolelewa kunasaidia kuchagua chambo. Aliyetiwa jana amezoea punje za chakula cha kufugia, kwa hiyo donge dogo la chambo cha unga wa rangi analimeza bila maswali. Aliyekaa mtoni siku tatu nne ameshajeruhiwa mdomo na majirani wawili, na ameanza kula wadudu. Huyo anataka kinzi, yaani nyuzi na manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo yakafanana na mdudu.

Kabla hujatoa chambo chochote, soma kibao. Hifadhi hizi zimegawanywa kanda: sehemu moja ni kinzi peke yake, nyingine inaruhusu na vyambo vya bandia, nyingine chambo cha asili. Mimi nilipita kibao nikidhani ni tangazo la choo. Nikafungua kibati changu cha minyoo katikati ya kanda ya kinzi, nikakaa kwa raha zangu. Askari wa hifadhi alikuja taratibu, akanisalimia, akatazama kibati, akatazama kibao, akatazama kibati tena. Faini yake nililipa, na hadi leo jamaa zangu wakiniona karibu na mto wananiuliza kama nimeshasoma.

Kwenye zana punguza kila kitu. Maji ya chemchemi ni meupe kama maji ya chupa. Unamwona trauti, naye anakuona. Mshipi unaohimili ratili 2 hadi 4 unatosha kabisa. Ndoana namba 10 au 12, na chubwi dogo kama punje ya mtama, moja au mbili, nusu mita juu ya ndoana. Rusha upande wa juu wa mkondo, uache maji yenyewe yalete chambo. Kosa la karibu kila mgeni ni kukivuta. Mdudu aliyechukuliwa na maji haendi mbio kuliko maji. Vaa nguo zisizong'aa, usimame mbali kidogo na ukingo, na jihadhari kivuli chako kisitangulie kabla yako. Miwani ya kukata mng'ao wa maji si anasa. Nilipoivaa mara ya kwanza niligundua kwamba mahali nilipokuwa nasimama kila siku ndipo samaki walipokuwa wanalala.

Sasa kropi. Jina lake huandikwa "crappie", ungedhani linasomwa vingine, lakini Missouri ukilitamka tofauti na "kropi" duka zima la chambo linageuka. Ni samaki mpana kama sahani, wa rangi ya fedha na madoa meusi. Wapo wa aina mbili, mweupe na mweusi. Mmoja madoa yake yamejipanga kama mistari ya kushuka, mwingine yametawanyika kama pilipili manga. Ukitaka uhakika, hesabu miiba ya pezi la mgongoni: mitano au sita ni mweupe, saba au nane ni mweusi.

Huyu ndiye anayekulazimisha kusoma maji. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 50 hivi za Farenhaiti, yaani 10 za Selsiasi, makundi yanaanza kusogea kutoka kina kikubwa na kujikusanya midomoni mwa vighuba, mita tatu hadi tano chini. Maji yakifika nyuzi 60 hadi 65, yaani 16 hadi 18, wanaingia kwenye maji mafupi kutaga, mara nyingine mahali ambapo ungesimama na maji yakafika kiunoni. Hiyo kwetu huwa kuanzia katikati ya Aprili. Wazee wa Ozark hawabebi kipimajoto, wanatazama mti mmoja mdogo wa pembezoni mwa msitu ambao matawi yake hujaa maua ya waridi kabla hata jani moja halijatoka. Ukichanua, wanatafuta ndoo. Nimelinganisha na daftari langu, na kwa kweli mti haukosei kwa zaidi ya siku chache.

Mtafute kropi penye miti ndani ya maji. Ziwa Truman lilipojazwa mwishoni mwa miaka ya 1970 misitu ilizama imesimama, na hadi leo magogo yake yametokeza kama nguzo za nyumba isiyoezekwa. Kwingineko idara ya uhifadhi ya jimbo huzamisha matawi makusudi na kuyaonyesha kwenye ramani zake bure kabisa. Mtu anayelalamika hajui samaki walipo na hajafungua ramani hiyo, simwonei huruma.

Chambo ni visamaki hai vidogo kama dagaa, au jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi na mkia laini, ya gramu moja au mbili tu. Itundike chini ya boya. Na hapa sikiliza vizuri: kropi anawinda kwa kutazama juu. Chambo kikiwa nusu mita juu ya kichwa chake atakipandia, kikiwa chini ya tumbo lake hakipo duniani. Anza na kina kifupi, sogeza boya ili chambo kishuke kiganja kwa kiganja mpaka uguswe, kisha usilisogeze tena. Na usingoje boya lizame. Mara nyingi kropi anapaa na chambo, uzito unaondoka kwenye mshipi, na boya linalala ubavu kama limechoka. Hapo ndipo ameshakula.

Kumvuta nilifundishwa na rafiki yangu mmoja wa Kigoma, mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba Mwanza kuna ziwa. Nilikuwa nimepoteza wanne mfululizo, kila mmoja nimemkung'uta kwa nguvu zote.

"Kaka, unavua kropi au unavuta ng'ombe?" akaniuliza bila kugeuka.

Akachukua ndoana yangu akaniwekea kiganjani. Kwenye ncha yake kulikuwa na kiduara cha ngozi, chembamba, kinapitisha mwanga kama ganda la ndani la kitunguu. Ndio mdomo wa kropi huo. Ukikung'uta unaukata. Inua mkono tu, kama unayenyanyua kikombe cha chai ya moto, halafu endelea kukunja mshipi bila kuulegeza. Akifika ukingoni usimbebe kwa mshipi, tia wavu chini yake.

Baada ya dhoruba ya masika ya huku, anga likiwa limesafika na upepo wa kaskazini unapuliza, utaona samaki wote wa jana wametoweka. Hawajaenda mbali. Shuka mita moja au mbili zaidi, punguza chambo na uwe na subira. Maji yakichafuka kwa mvua, fanya kinyume: sogea maji mafupi, tumia rangi inayowaka ya kijani cha ndimu.

Sheria kwa ufupi. Mkazi wa miaka 16 hadi 64 anahitaji leseni, na kwenye zile hifadhi nne unanunua pia kitambulisho cha siku. Trauti wanne kwa siku, basi. Kropi idadi na urefu vinatofautiana ziwa kwa ziwa, kwa hiyo beba rula. Mimi nikifika kumi naacha hata kama sheria inaruhusu zaidi, hasa madume waliogeuka weusi majira ya kutaga. Sato jike hukumbatia mayai mdomoni akaenda nayo. Kropi anamwachia dume, ambaye hubaki juu ya kiota akiyapepea na kuyalinda. Ukimtoa, samaki wengine wadogo wanaingia na kula mayai mchana huohuo.

Jaketi la kujiokoa vaa, hata kama unaogelea kama kenge. Maji ya nyuzi 50 yanakunyima pumzi kabla hujakumbuka kuogelea. Ukirudi jikague kupe, nyuma ya magoti hasa.

Jikoni trauti hapaliwi magamba, ni madogo mno. Mpasue tumbo, kisha pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ule mstari wa damu uliolala chini ya uti wa mgongo mpaka uishe wote. Ukiuacha nyama inakuwa chungu. Ndimu, kitunguu saumu, karatasi ya foili, mkaa. Kropi nyama yake ni nyeupe na tamu kimya kimya. Wamarekani wa hapa humvingirisha kwenye unga wa mahindi na kumkaanga, jambo lililonifurahisha sana, kwa sababu unga huohuo unabaki wa ugali. Mke wangu huongeza binzari na kachumbari yenye pilipili mbuzi kutoka duka la Wakongo. Kuku hajanunuliwa Jumamosi ya Aprili tangu mwaka ule.

Jana jioni nilipitia ziwani kutoka kazini, nikazamisha kipimajoto pale kwenye gati. Nyuzi 57. Ijumaa nimeshaomba ruhusa.