Wazee wamekaa vikao vitatu. Kwa nini mahakama bado inanirudisha Baraza?

SWALI: Wakili, shikamoo. Tulifunga ndoa ya Kiislamu miaka 11 iliyopita, tuna watoto wawili. Mwaka jana mume wangu alihamia Chanika, mimi na watoto tukabaki Mbagala. Wazee wa pande zote mbili wamekaa vikao vitatu, hakuna kilichopatikana. Muhtasari ninao, wote wamesaini. Nilipokwenda Mahakama ya Mwanzo kudai talaka, karani akaniambia nianzie Baraza. Kwani usuluhishi wa familia hauhesabiki? Baraza linaweza kutugawia nyumba? Na mwenzangu akigoma kuja?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, dada. Karani hakukuonea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na kikao cha ukoo, hata kama kilijaa wajomba na masheikh, si Baraza. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa kesi kwa kasoro ya namna hii, watu wakaanza upya. Muhtasari wako utunze, utasaidia baadaye kuonyesha kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Baraza lipi? Hapa wengi hukosea. Ni la kata anayoishi mume, yaani utakwenda Chanika, si Mbagala. Lakini kwa kuwa nyote ni Waislamu, mnaweza kutumia la jumuiya yenu, na kwa kawaida hilo ni la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Wakili haruhusiwi kukusemea mle ndani, kwa hiyo usinilipe nauli ya bure.

Mumeo akigoma hakuzuii. Akiitwa na Baraza akakataa kwa makusudi, sheria inakuruhusu kuendelea bila usuluhishi. Ila lazima uthibitishe kuwa aliitwa, kwa hiyo omba nakala ya kila wito.

Sasa nyumba. Baraza haligawi mali wala halitoi talaka. Hizo ni kazi za mahakama, na hakimu atapima mchango wa kila mmoja. Mumeo akikuambia hukuchangia kitu kwa sababu ulikuwa mama wa nyumbani, asikutishe: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani ni mchango.

Hata hivyo usiende Baraza kama mtu anayefuata mhuri tu. Mkishindwa kurudiana, bado mnaweza kukubaliana mengine palepale: watoto walale wapi siku za shule, ada ilipwe na nani, baba awaone lini. Nenda na risiti za ada na hesabu ya matumizi ya mwezi, maana mwanamume anayebishana na neno "matunzo" mara nyingi hushindwa kubishana na risiti. Mkielewana, yaandikwe, wote msaini, kisha muombe mahakama iyazingatie. Hakimu ataangalia kwanza maslahi ya watoto, lakini atakuwa na pa kuanzia.

Kama kuna kipigo, ushauri wangu ni mwingine. Anzia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na lieleze Baraza mapema kuwa huwezi kukaa naye chumba kimoja. Usikubali kuambiwa uvumilie.

Usuluhishi ukishindikana, Baraza litatoa hati. Isome kabla hujaondoka. Iseme wazi kuwa limeshindwa kuwasuluhisha na lieleze lilichobaini. Barua ya mistari miwili ya "tumewasikiliza, waende mahakamani" itakuletea matatizo. Kisha tazama tarehe: siku unapofungua shauri, hati isiwe imepita miezi sita. Mteja wangu mmoja aliiweka kabatini akisubiri mume abadilike. Miezi minane baadaye akaja nayo ofisini, ikabidi nimrudishe Baraza.